Tuwaiteje Waliosimama na Masinde?

Mwaka 1944 serikali ya kikoloni iliwaamuru watu wa Kimilili wang'oe gugu lililokuwa limetapakaa mashambani mwao. Mnalijua gugu lenyewe: refu, majani membamba, na ukilishika harufu yake haikuachi mkononi mpaka ulale. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Kule Peru watu hulitia katika chakula, na sokoni huliita huacatay. Kwetu lilihesabiwa kuwa uchafu wa shamba, na amri ikawa ling'olewe, mkulima atake asitake. Mtu mmoja alikataa. Akawakabili watumishi wa chifu waliokuja kumshurutisha, akashtakiwa, akafungwa. Jina lake lilikuwa Elijah Masinde.

Mjukuu wangu mmoja anasoma kidato cha tatu mjini Kitale, na kwa hiari yake mwenyewe anajifunza Kihispania. Alitaka kuandika habari za Masinde kwa lugha hiyo, ampelekee rafiki anayeandikiana naye. Akaenda vizuri hadi alipofika kwa watu waliomuunga mkono Masinde. Hapo akakwama. "Kuka," akaniambia, "kamusi imenipa maneno mengi mno. Nichukue lipi?"

Swali lake lilinigusa, kwa kuwa watu wa kwetu, tangu Mlima Elgon hadi mto Nzoia, wamepewa majina na watu wengine, na majina hayo ndiyo yaliyowapeleka jela, hospitali na kizuizini. Basi tusikimbilie kamusi. Tuanze na watu. Tukishajua kila mmoja alisimama wapi na alifanya nini, neno litakuja lenyewe. Sogeeni, nanyi wa Bungoma msikie.

Kabla ya yote Masinde alikuwa mchezaji wa mpira. Alikuwa nahodha wa timu ya Kimilili, na alichezea Kenya dhidi ya Uganda katika Kombe la Gossage. Kwa hiyo watu wa kwanza waliopaza sauti kwa ajili yake walisimama pembeni mwa uwanja. Hao kwa Kiswahili ni mashabiki, na Kihispania kina neno tamu sana la kuwaita, hasa kule Amerika ya Kusini: "hincha". Neno hilo limetokana na kitenzi chenye maana ya kujaza hewa au kuvimbisha. Inasimuliwa kwamba mwanzoni mwa karne ya 20 katika klabu ya Nacional ya Montevideo, nchini Uruguay, palikuwa na fundi wa ngozi aliyeitwa Prudencio Miguel Reyes. Kazi yake ilikuwa kujaza mipira hewa, na mechi ikianza alizunguka kando ya uwanja akiishangilia timu yake kwa sauti iliyowashangaza watu wote. Watu wakawa wanaulizana ni nani huyo, wakijibiwa kuwa ni yule mjaza mipira. Baadaye kila mpiga kelele wa uwanjani akarithi jina la kazi yake.

Je, mtu aliyemfuata Masinde mlimani kuomba, akijua kwamba akikamatwa atafungwa, tumwite hincha? Hapana. Shabiki timu yake ikifungwa hurudi nyumbani amenuna, akala chakula chake cha jioni. Watu ninaowasimulia walirudi nyumbani wakakuta nyumba zao zinapekuliwa. Siku hizi kwetu tumezoea kusema mashabiki wa mwanasiasa fulani, na mimi jambo hilo linaniuma, maana linafanya haki na ardhi vionekane kama mechi ya Jumamosi.

Turudi kwa Masinde. Serikali haikuishia kumfunga. Mwaka 1945 alipelekwa Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili jijini Nairobi, akakaa huko hadi 1947. Fikirini jambo hilo kwa makini. Mtu akiitwa mpinzani, lazima umjibu hoja yake. Akiitwa mwendawazimu, hoja yake haijibiwi. Unamtafutia kitanda na mlango wenye kufuli. Na ikiwa kiongozi ni kichaa, wanaomfuata watakuwa nini? Watu waliopumbazwa, bila shaka. Kihispania nacho kina maneno ya namna hiyo, tayari kwa anayeyataka. Kiongozi wa watu wanaodharauliwa huitwa "cabecilla". Ni "kichwa kidogo", neno wanalopewa wakuu wa waasi na wakuu wa magenge. Wafuasi wake wataitwa "fanáticos", watu waliopitiliza kiasi. Mjukuu wangu aliyaona maneno hayo yote mawili katika kamusi, na yote mawili ni Kihispania sahihi. Lakini akiyaandika, atakuwa amekalia kiti cha mkuu wa wilaya wa mwaka 1945 na kuangalia watu wake kutoka hapo.

Mwaka huo wa 1947, baada ya kutoka Mathari, Masinde aliwakusanya maelfu ya watu Chetambe, kwenye vilima vilivyo juu ya Webuye. Ninyi mnaopita pale kwa matatu mkienda Eldoret, inueni macho. Mwaka 1895 Wabukusu walikuwa wamejikinga huko ndani ya ngome yao wakati jeshi la Waingereza, likiongozwa na C. W. Hobley, lilipowashambulia kwa bunduki za kisasa. Watu wengi waliuawa. Miaka 52 baadaye Masinde alifanya kumbukumbu ya wale waliokufa, kwa sala na kafara, mbele ya watoto na wajukuu wao. Wengi wa wazee waliosimama pale walikuwa wamesikia habari za ngome hiyo jikoni kwa mama zao, usiku, kwa sauti ya chini. Sasa zilikuwa zinasemwa juani.

Masinde alikuwa amelelewa katika kanisa la Marafiki, hawa ambao wengi wetu tunawaita Wakweka, kisha akatengana nalo. Harakati yake ikaitwa Dini ya Msambwa. Msambwa unahusu mizimu ya wazee wetu na mila walizotuachia, na juu ya yote yuko Wele, Mungu Muumba. Waliosali hivyo walikuwa waumini. Neno lao kwa Kihispania ni "creyentes", watu wanaoamini, au "fieles", watu waaminifu kwa imani yao. Hilo ni neno wanalopewa Wakatoliki wa Madrid na Waislamu wa Granada, na sioni kwa nini wazee wa Kimilili walioomba wakielekea Mlima Elgon wapewe jingine. Wapo watakaopendelea "adeptos". Nalo lina maana ya wafuasi, ila mara nyingi linabeba harufu ya kikundi cha siri, na msomaji atawatilia watu hao shaka kabla hajajua walichoamini.

Hapa ndipo panapohitaji utulivu zaidi, kwa sababu si kila aliyekwenda Chetambe alikuwa muumini. Dini ya Msambwa ilisema Wazungu warudi kwao na ardhi irudi kwa wenyewe. Upande wa Kitale jambo hilo lilikuwa kubwa kuliko sala yoyote. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, mashamba ya Trans Nzoia yalikuwa yamegawiwa walowezi, na mwaka 1926 reli ikafika Kitale kubeba mahindi yao. Wabukusu wengi waliishi katika mashamba hayo kama maskwota: walilima kipande kidogo, wakafuga ng'ombe wachache, na malipo yake yakawa kumfanyia kazi mwenye shamba. Mtu kama huyo aliweza kwenda kanisani Jumapili kama kawaida, asiamini kafara hata moja, na bado akakubaliana na Masinde neno kwa neno kuhusu ardhi.

Huyo tumwiteje? Kwa Kiswahili tukisema mfuasi, tumemweka nyuma ya mtu. Yeye hakuwa nyuma ya mtu yeyote. Alikuwa upande wa jambo. Kihispania kinatenganisha vizuri hapa. "Seguidor" ni anayefuata, kutoka kitenzi "seguir", na mara nyingi unatarajia kusikia anamfuata nani. "Partidario" ni aliyechagua upande, na ukilisema hilo lazima uongeze ni upande wa nini: "partidario de la independencia" ni mwenye kuunga mkono uhuru, "partidario de la devolución de la tierra" ni mwenye kutaka ardhi irudishwe. Skwota wetu wa Trans Nzoia alikuwa partidario. Nilimweleza mjukuu wangu kwamba hili ndilo neno lake la kawaida, la kutumia akiwa hana uhakika wa jingine, mradi ajaze nafasi inayofuata. Akiliacha wazi, msomaji ataijaza kwa namna yake.

Kisha wapo waliokubali moyoni tu. Februari 1948 Dini ya Msambwa ilipigwa marufuku, na kuanzia hapo kuwa mmoja wao kulikuwa kosa la jinai. Walowezi waliamka wakakuta majengo yao yameungua. Askari waliingia vijijini kutafuta majina. Sasa mfikirie mama aliyempa mgeni uji alfajiri, akamwonyesha njia ya kupita mtoni, asimuulize jina. Kwa Kihispania cha siasa yeye ni "simpatizante", mtu ambaye moyo wake uko huko ingawa hajaandikishwa popote. Kwa Kihispania cha mahakamani ataitwa "encubridora", mwanamke aliyemficha mhalifu. Uji ni ule ule, alfajiri ni ile ile. Mwandishi ndiye anayeamua kama mgeni yule alikuwa mhalifu au mtu anayefukuzwa, na akishaamua hilo, jina la mama limeshaamuliwa pia. Mjukuu wangu alichagua simpatizante, nami nilifurahi.

Nimesema encubridora na si encubridor kwa sababu Kihispania hakimwachi mtu bila jinsia katika maneno mengi. Partidario ni mwanamume, partidaria ni mwanamke. Seguidor, seguidora. Na wanaume na wanawake wakiwa pamoja, hata kama mwanamume ni mmoja kati ya wanawake ishirini, kanuni ya shule ni kutumia umbo la kiume. Sisi tunaosema Kiswahili tumezoea mfuasi mmoja kwa wote, ndiyo maana jambo hili huponyoka. Wanawake walikuwamo katika Dini ya Msambwa tangu mwanzo, wakisali, wakilisha watu, wakibaki na mashamba na watoto waume zao walipofungwa. Ukiandika "seguidores" peke yake, msomaji wa Bogotá ataona kundi la wanaume. Andika "hombres y mujeres", sentensi irefuke kidogo. Wanastahili urefu huo.

Tufike Malakisi. Tarehe 10 Februari 1948 umati ulikwenda kituo cha polisi cha Malakisi kudai wenzao waliokamatwa waachiliwe. Polisi wakafyatua risasi. Watu 11 wakauawa papo hapo na wengine wakajeruhiwa. Nimesikia habari hiyo ikisimuliwa kwa namna nyingi: mmoja husema waasi, mwingine husema mashahidi wa dini, mwingine husema wafuasi. Mimi nimeshikilia neno moja tu nikiwa nawasimulia vijana: waandamanaji. Kihispania chake ni "manifestantes". Neno hilo linasema kile tulicho na hakika nacho, kwamba walitoka majumbani, wakaenda pamoja, wakadai jambo mbele ya mlango wa serikali. Kila mmoja aliamini nini moyoni mwake, alikwenda nalo kaburini. Aliyekwenda kwa ajili ya Wele na aliyekwenda kwa ajili ya kaka yake aliyekuwa ndani ya seli walipigwa risasi za bunduki zile zile, na sitawabagua leo kwa neno nililolichagua nikiwa nimeketi.

Masinde mwenyewe alikamatwa mwaka huo huo akapelekwa Lamu, mwisho mwingine wa nchi, mbali na mlima. Aliachiwa uhuru ulipokaribia. Na hapa sitawaficha ukweli: uhuru ulipokuja, serikali yetu wenyewe iliipiga marufuku Dini ya Msambwa tena, mwaka 1968, na Masinde akafungwa tena. Mwaka huo huo, tarehe 12 Oktoba, Guinea ya Ikweta ilipata uhuru wake kutoka Uhispania. Nawatajia kwa sababu wengi wenu mnadhani Kihispania ni cha Ulaya na Amerika tu. Guinea ya Ikweta ni nchi ya Afrika inayotumia Kihispania kama lugha rasmi, na Wafang walio wengi huko wana lugha ya Kibantu, jamaa ya mbali ya Kibukusu. Kwa hiyo huenda rafiki wa kalamu wa mmoja wenu akawa mtu ambaye babu yake naye aliitwa mwasi na watawala wawili, wa kwanza mgeni na wa pili mwenyeji. Masinde alifariki mwaka 1987.

Msimchanganye na Masinde Muliro, ambaye uwanja wa Kanduyi unaitwa kwa jina lake, ule ambao sherehe za Madaraka za kitaifa zilifanyika tarehe 1 Juni 2024. Muliro alisoma Chuo Kikuu cha Cape Town, akaingia baraza la kutunga sheria mwaka 1957, na mwaka 1991 akawa miongoni mwa waasisi wa FORD, harakati iliyodai vyama vingi. Kwa watu wake tunahitaji neno jingine kabisa. Mtu wa Kitale aliyejiandikisha FORD ilipokuwa chama, akachanga pesa, akaita mikutano na kubandika matangazo, Kihispania humwita "militante". Msishtuke. Neno hilo lina mzizi mmoja na askari wa Kirumi, na kwa Kiingereza mtu akiitwa hivyo tunamwona na bunduki begani. Katika Kihispania ni mwanachama anayekifanyia chama chake kazi, basi, hata kama silaha yake ni gundi na brashi. Ndugu zetu wa Tanzania wana neno linalomkaribia, mkereketwa, mtu ambaye mambo ya chama yanamwasha kooni mpaka aseme. Nalipenda sana neno hilo na ningependa livuke mpaka lije Bungoma.

Kosa la hatari ni kuchukua habari ya gazeti la Kihispania iliyoandika militantes, ukaigeuza kwa Kiswahili ukaandika wanamgambo. Umewavisha watu sare na kuwapa bunduki ambazo hawakuwahi kushika. Na ukienda upande wa pili, ukawaita wanamgambo halisi militantes, umewapokonya. Vyote viwili ni uongo, hata kama kila neno limetoka ndani ya kamusi.

Limebaki neno moja, na nimeliweka mwisho kwa sababu ndilo lenye kazi kubwa leo. Juu ya Mlima Elgon, Chepkitale, wanaishi Waogiek. Ardhi yao ilitangazwa kuwa hifadhi ya wanyama mwaka 2000, na walifukuzwa, wakarudi, wakafukuzwa tena. Walikwenda mahakamani, na kesi yao ilichukua miaka mingi hata waliokuwa watoto ilipoanza wakawa watu wazima wakiisubiri. Septemba 2022 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Bungoma iliamua kwamba Chepkitale ni ardhi ya jamii. Waliosimama na jambo hilo miaka yote hiyo ni watetezi. Kwa Kihispania, "defensores", na mwanamke ni "defensora".

Katika nchi zinazosema Kihispania neno hili limelipiwa kwa damu. Honduras palikuwa na mama aliyeitwa Berta Cáceres, wa jamii ya Walenca, aliyepinga bwawa la Agua Zarca katika mto Gualcarque, mto mtakatifu kwa watu wake. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira, ile ile aliyokuwa amepewa Wangari Maathai wetu mwaka 1991. Machi 2016 aliuawa nyumbani kwake usiku. Waliompinga walikuwa wamemwita mchochezi na kumfungulia mashtaka. Watu wake walimwita defensora. Miaka miwili baada ya kifo chake, mwaka 2018, nchi za Amerika ya Kilatini na Karibi zilikutana Escazú, Costa Rica, zikakubaliana mkataba ulioanza kutumika mwaka 2021. Kifungu chake cha 9 kinazitaka serikali zilizojiunga ziwalinde watetezi wa haki za binadamu katika masuala ya mazingira, na neno lililoandikwa pale ni hilo hilo, defensores. Mtu akiitwa hivyo katika nchi iliyojiunga, serikali ina wajibu kwake. Akiitwa mchochezi, serikali hutafuta pingu.

Kwa hiyo mkiandika habari za Chepkitale kwa Kihispania, andikeni "defensores de la tierra", watetezi wa ardhi. Tajeni Waogiek kwa jina lao, tajeni mlima, mwaka, na mahakama ya Bungoma, ili msomaji aliye kando ya mto Gualcarque aweze kuwatambua.